Kinga ya sato na kambale huanzia kwenye mfuko wa chakula

Ukiona kambale ana ufa kwenye fuvu, au sato amepinda mgongo, usikimbilie duka la dawa. Kagua chakula kwanza. Dalili hizo mara nyingi ni za upungufu wa vitamini C, ambayo samaki hawa hawawezi kujitengenezea mwilini. Ikipungua, vidonda haviponi na bakteria waliomo majini siku zote, kama Aeromonas, hupata pa kuingilia.

Vitamini C huharibiwa na joto, unyevu na hewa, kwa hiyo unaponunua soma tarehe ya kutengenezwa, si ya mwisho wa matumizi peke yake. Nunua kiasi utakachokimaliza kulisha ndani ya miezi miwili. Mfuko wa bei poa uliokaa juani mbele ya duka una protini bado, lakini kinga imekwisha. Nyumbani, panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, kivulini penye hewa. Usiiweke stoo moja na mbolea au dawa za shamba.

Anayechanganya chakula mwenyewe anunue premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya samaki, si ya kuku, yenye vitamini C iliyofungwa na fosfeti, kwa maana ile ya kawaida huungua mashineni. Soya ichomwe au ichemshwe, kwa kuwa mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini. Dagaa wenye harufu ya mafuta yaliyochacha waache: mafuta hayo humaliza vitamini E na kuumiza ini. Utumbo na mabaki ya samaki kwa kambale yachemshwe, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, mbali na vijidudu wanavyobeba.

Halafu kuna sumukuvu. Mahindi, mashudu ya pamba na ya karanga yaliyoota ukungu huonekana bei rahisi, ila sumu yake huharibu ini na kushusha kinga polepole. Samaki hudumaa tu, kisha siku maji yakichafuka kidogo wanakufa kwa wingi na lawama inaenda kwa maji. Kuanika au kupika hakuiondoi sumu hiyo. Tupa, na usimpe kuku pia.

Wiki moja kabla ya kuhamisha samaki, kuwatenga kwa ukubwa au kuingia msimu wa baridi, ongeza vitamini C hivi: yeyusha gramu 1 ya unga wake katika mililita 50 za maji, nyunyizia kilo 1 ya punje za chakula huku ukigeuza, acha dakika 15 kivulini, kisha zipake mililita 20 za mafuta ya kupikia ili isiyeyukie majini. Lisha siku hiyohiyo. Siku ya kuwasafirisha, wawe wamefunga kula kwa saa 24.

Kiasi nacho ni kinga. Vifaranga wa chini ya gramu 5 wape protini asilimia 40 hivi, sato wa gramu 5 hadi 50 asilimia 32 hadi 35, wakubwa 28 hadi 30. Kambale huhitaji zaidi. Pima samaki 30 kila wiki mbili upate uzito wa wastani. Sato 1,000 wa wastani wa gramu 100 ni kilo 100. Kwa asilimia 3 ya uzito, ni kilo 3 za chakula kwa siku, zigawanywe mara mbili au tatu. Baridi ikishusha maji chini ya nyuzi 20, punguza kwa nusu. Asubuhi wakihema juu ya maji, usilishe kabisa: umeng'enyaji huongeza haja ya oksijeni, na kisicholiwa huoza na kutoa amonia inayochoma matamvua, yaani viungo vyao vya kupumulia.

Tumia punje zinazoelea na kaa hapo dakika 15. Samaki mgonjwa huacha kula kabla ya kuonyesha kidonda, na vitamini iliyomo kwenye punje asiyoila haimfikii. Punje zikibaki siku mbili mfululizo ilhali kiasi hakijabadilika, chukua samaki watano, kagua matamvua, kisha wapasue tumbo ukague rangi ya ini.