Feni ya Hita Ikigoma: Kutafuta Hitilafu na Kuitengeneza katika Gari la Zamani

Kwa aliyehamia nchi yenye baridi kali, feni ya hita ni kifaa cha usalama kama yalivyo mataa na wipa. Kioo cha mbele hushika ukungu mara tu watu wanapoanza kupumua ndani ya gari lililofungwa, na hewa ya moto inayopulizwa na feni hiyo ndiyo inayokisafisha. Feni ikifa, dereva hubaki akifuta kioo kwa kiganja huku gari likienda, naye haoni anayevuka barabara. Ndiyo maana naomba hitilafu hii isiahirishwe. Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990, na baadhi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfumo wake ni mwepesi kueleweka, na mtu mwenye subira, bisibisi na kipimo cha umeme anaweza kuutengeneza mwenyewe.

Kabla ya kufungua chochote, amua kwanza kama kilichopotea ni upepo au ni joto. Hita ya gari la kawaida haina moto wake. Huazima joto la injini. Maji ya rejeta yaliyokwisha kupata moto hupitishwa katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa kupitia mapezi ya rejeta hiyo hadi ndani ya gari. Upepo ukija kwa nguvu lakini ukawa baridi, feni haina kosa: chunguza kiwango cha maji injini ikiwa imepoa kabisa, themostati (valvu inayoyazuia maji hadi injini ipate moto) iliyokwama ikiwa wazi, rejeta ndogo iliyoziba, au kilango kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Ukisikia harufu tamutamu na kioo kikafanya utando kama wa mafuta, rejeta ndogo inavuja, na kazi hiyo ni kubwa kuliko hii. Ninayoeleza hapa yanahusu upepo usiokuja, au unaokuja kwa kusuasua.

Umeme wa feni hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na mara nyingi rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), hufika kwenye mota, na hurudi kupitia waya wa bodi, ambao mafundi huuita arthi. Mahali fulani katika safari hiyo pamewekwa swichi ya spidi na rezista. Rezista ndiyo ufunguo wa uchunguzi wote. Spidi za chini hupatikana kwa kuupitisha umeme katika koili za rezista, ambazo huupunguza kwa kugeuza sehemu yake kuwa joto; spidi ya juu kabisa huiruka rezista na kuipa mota umeme wote. Kwa hiyo feni inayofanya kazi kwenye spidi ya juu peke yake inakwambia waziwazi kwamba mota ni nzima, fyuzi ni nzima, na kilichoungua ni rezista au plagi yake. Ikiwa spidi za chini zipo lakini ya juu haipo, shuku rilei ya spidi hiyo, swichi, au waya wake. Ikikosekana spidi moja ya katikati, kuna koili moja iliyokatika au sehemu moja ya swichi iliyochakaa. Zikikosekana zote, rudi mwanzo wa njia: fyuzi, rilei, mota na arthi. Kanuni hii haifai kwa gari ambalo hita yake hujirekebisha yenyewe kulingana na halijoto uliyochagua, kwa sababu humo kazi ya rezista hufanywa na kifaa cha kielektroniki.

Sikio nalo husaidia. Mlio mwembamba unaopungua gari likishapata joto hutokana na kukauka kwa bushi, yaani pete ambamo mhimili wa mota huzunguka. Mgongano wa takataka ni majani yaliyoingia kwenye gurudumu la feni. Feni ikiwa kimya kabisa, weka spidi ya juu kisha ligonge ganda la mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, karibu kila mara kaboni zake, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimeisha.

Vipimo vinataka utulivu kuliko vifaa. Multimita, yaani kipimo cha umeme, ya bei nafuu inatosha, na taa ya kupimia ya volti 12 huongeza uhakika. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa kwa kukimbia baridi ya nje, hata kwa dakika chache: moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Vipimo karibu vyote hapa vinawezekana injini ikiwa imezimwa, ufunguo ukiwa umezungushwa hadi taa za dashibodi ziwake.

Anza na fyuzi. Fyuzi ya feni ni miongoni mwa zile kubwa, mara nyingi kati ya ampea 20 na 40, na mchoro wake huwa kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi. Usiitazame kwa macho tu. Pima kama umeme unafika pande zake zote mbili. Ikiwa imeungua, weka ya ampea zilezile. Anayeweka kubwa zaidi anauhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kuupeleka kwenye nyaya nyuma ya dashibodi, na magari yameteketea kwa njia hiyo. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna waya unaogusa bodi. Ikikatika baada ya dakika kadhaa, huenda mota inakula umeme kupita kiasi. Rilei hupimwa kwa urahisi kwa kuibadilisha na nyingine yenye namba ileile kutoka kwenye kisanduku hichohicho.

Kipimo kinachofuata ndicho kinachokata shauri. Weka spidi ya juu, ingiza ncha za multimita nyuma ya plagi ya mota huku plagi ikiwa imechomekwa, na pima kati ya nyaya zake mbili. Ukisoma karibu volti 12 na mota haizunguki, mota imekufa. Ukisoma sifuri au volti chache, mota haina lawama. Njia imekatika au ina upinzani mahali fulani. Nasisitiza plagi iwe imechomekwa kwa sababu waya uliobakiza nyuzi mbili tatu tu huonyesha volti 12 kamili ukiwa hauna mzigo, lakini mota inapodai umeme wake volti hizo hutoweka. Nasisitiza pia kupima kati ya nyaya mbili, si kati ya waya mmoja na bodi, kwa kuwa katika magari mengi ya Kijapani ya zamani mota hupata umeme chanya muda wote ufunguo ukiwa umewashwa, na swichi hukata upande wa hasi. Asiyejua hilo atakuta volti 12 kwenye nyaya zote mbili feni ikiwa imezimwa na atapotea kabisa. Mwisho, feni ikiwa kwenye spidi ya juu, pima kati ya waya hasi wa mota na kichwa hasi cha betri; ukisoma zaidi ya volti moja, kuna kutu au kiungo kilicholegea upande wa arthi.

Sasa nije kwenye kosa ambalo naliona likirudiwa mara nyingi, nami nililifanya. Katika majira yangu ya pili ya baridi ugenini, feni yangu ilibaki na spidi ya juu peke yake. Nilinunua rezista, nikaifunga kwa dakika ishirini, na spidi zote zikarudi. Baada ya wiki tano ikaungua tena. Safari ya pili nilichomoa plagi na kuitazama mchana kweupe: plastiki yake nyeupe ilikuwa imegeuka kahawia kuzunguka pini moja, na pini hiyo ililegea kiasi kwamba ilitoka na waya wake nilipoigusa. Nilipoteremsha mota na kuizungusha gurudumu kwa kidole, haikuteleza. Ilikwenda nusu mzunguko ikasimama, kama iliyojaa mchanga. Rezista haikuwa na ubovu wowote wa kiwandani. Mota nzito ilikuwa ikivuta umeme mwingi, umeme mwingi ukaikaanga plagi, na rezista ikaungua mwisho.

Kwa hiyo rezista ikiungua, uliza kilichoiunguza kabla hujaweka nyingine. Imewekwa ndani ya njia ya upepo kwa makusudi, ili hewa ya feni yenyewe iipoze. Kichujio cha hewa ya ndani kikiziba vumbi na majani, upepo hupungua nayo hukosa ubaridi wake. Plagi iliyoungua lazima ibadilishwe pamoja na vipande vya nyaya vyenye unene uleule au zaidi, viungwe kwa kubanwa au kwa kuchomelewa risasi, kisha vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Utepe wa kawaida wa umeme huachia gundi yake nyuma ya dashibodi inapopata moto.

Mota ya magari mengi iko chini ya dashibodi upande wa abiria, nyuma ya kile kisanduku cha kuhifadhia nyaraka. Katika baadhi ya magari ya zamani iko chini ya boneti, karibu na kioo. Hapa msomaji aliyezoea usukani wa kulia awe macho: katika gari la usukani wa kushoto mpangilio wote hugeuka, na maelezo au video iliyotengenezwa kwa gari la upande mwingine huweza kukupeleka kwenye plagi isiyo yake. Kama gari lina mfuko wa hewa wa abiria, ule unaofumuka wakati wa ajali, chomoa kichwa hasi cha betri na subiri muda unaotajwa na kitabu cha gari kabla ya kufungua dashibodi, na usiguse plagi za rangi ya njano, ambazo ni za mfuko huo. Kuwa na namba ya siri ya redio mkononi, maana baadhi ya redio huidai umeme unaporudi. Plastiki ya zamani hukatika kama biskuti katika baridi. Pasha moto ndani ya gari kwanza, au fanya kazi mahali penye joto, na vibanio vitaachia bila kuvunjika.

Mara nyingi mota hushikiliwa na skrubu tatu. Kumbuka kile kibomba kidogo cha mpira kinachopeleka hewa ndani yake. Kikisahauliwa, mota mpya hukosa upoaji. Ipime juu ya meza kwa kuiunganisha na betri kupitia waya wenye fyuzi, ukiwa umeishika imara. Inayozunguka vizuri lakini inalia huweza kusaidiwa na matone mawili matatu ya mafuta mepesi ya mashine kwenye bushi, ingawa kwa uzoefu wangu nafuu hiyo haidumu sana. Kaboni zilizoisha huweza kubadilishwa pale zinapopatikana, na shaba zinayoigusa husafishwa kwa msasa laini sana, kamwe si kwa sufi ya chuma, ambayo vipande vyake hupitisha umeme. Ukikuta kutu au maji, tafuta kwanza yanakoingia: mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele huziba kwa majani makavu, na maji ya mvua au theluji iliyoyeyuka humwagikia mota. Kuweka mota mpya chini ya mfereji ulioziba ni kupoteza fedha.

Unaponunua, toa namba ya chasi badala ya jina la gari na mwaka tu. Mota ya gari la usukani wa kulia huenda ikafanana na ya kushoto kwa umbo, kumbe huzunguka kinyume, na gurudumu lake la mapezi likipuliza kinyume upepo huwa hafifu. Kipuri kilichotumika kinafaa ikiwa utakizungusha kwa mkono na kukisikia kikiteleza bila kusita wala kuyumba.

Ukishafunga kila kitu, jaribu spidi moja baada ya nyingine, kisha iache ya juu kwa dakika kumi. Zima, ingiza mkono chini ya dashibodi na ushike plagi ya mota na ile ya rezista. Uvuguvugu hauna neno. Plagi inayokufanya uondoe mkono bado ina pini iliyolegea, na inafaa kufunguliwa tena siku hiyohiyo.