Kabla hujafunga kamera ya waifai nyumbani, soma hapa kwanza

Pasiwedi iliyokuja na kifaa badilisha siku hiyohiyo. Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kiliteka kamera na ruta (kile kiboksi kinachogawa waifai) kwa malaki kwa kujaribu tu pasiwedi za kiwandani, zile za admin na admin.

Ruta yako uijue mwenyewe. Fungua brauza, andika namba iliyobandikwa chini ya ruta, nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, hesabu vifaa vilivyounganishwa, usichokijua kitoe.

Sasa hili la nani kasajili kamera, mimi nimelilipia. Nilifunga moja uani hapa Gungu kisa dagaa, nikianika wanapungua. Fundi kaja, kafunga, kanionyesha picha kwenye simu, nikamlipa tukaagana. Toka hapo bando la mwezi likawa linaisha siku ya nane. Nikamkaba mpwa wangu, anaapa mjomba sijagusa, nikamnyang'anya simu wiki nzima na bando likaisha vilevile! Usiku mmoja saa nane natoka chooni naona taa ya ruta inapepesa kama imepagawa na nyumba nzima imelala. Kuingia kwenye ruta (yangu inaonyesha kila kifaa kimetuma kiasi gani, zingine hazionyeshi), kamera peke yake GB 9. Kufungua app yake, sehemu ya mmiliki ipo imeili ya fundi, mimi nimewekwa mgeni. Mwenye nyumba, mgeni! Video zote zinapanda kwenye akaunti yake, na ile kamera inaona mpaka mlango wa bafu la nje. Alisema alisahau kunihamishia, haya, kamwambie hivyo mke wangu. Mpwa nilimrudishia simu na hela ya soda juu, mpaka leo kaninunia.

Kwahiyo akaunti ifunguliwe kwa imeili yako, kwenye simu yako, fundi akiwa hapohapo. Kamera ya mtumba iriseti kwanza, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Halafu usiku andika data iliyotumika, zima simu zote, asubuhi linganisha.

Ruta ikiwa na waifai ya wageni, kamera na tivii zikae huko. Tivii nayo usiiamini, Vizio, kampuni ya tivii kule Marekani, walilipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa kurekodi watu wanaangalia nini bila ruhusa, kwahiyo pitia setingi uzime huko kurekodi. Na balbu za kuwashia kwa simu, na kengele za mlango, chochote kinachoomba pasiwedi ya waifai jiulize kinaitaka ya nini, mimi kuna spika ya kuongea nayo nimeletewa zawadi, bado iko kwenye boksi.