Nyama ya ndafu ikibaki: makaroni ya kuoka kwa jiko la mkaa

Tarehe 27 Desemba nyumba nyingi za Moshi zinafanana. Friji ina bakuli la nyama iliyokauka ya ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, sebuleni kuna watoto waliotoka Dar ambao hawataki tena kusikia habari za ndizi, na hakuna mwenye nguvu ya kuanza mapishi makubwa. Mama mkwe atasema itiwe kwenye machalari, yaani ndizi za kupikwa na nyama. Machalari siyapingi, ila kama mmeyala tangu mkesha, jaribuni hili.

Mimi napika kwenye sherehe, na kiporo cha mbuzi nimekizoea. Nyama choma ni kavu, na kuoka kunakausha zaidi. Kwa hiyo irudishie majimaji kwanza, ndipo uioke. Wengi wanairuka hatua hiyo, halafu wanalaumu makaroni.

Nyama ipi itumike

Iwe iliingia friji ndani ya saa mbili tangu itoke motoni, na isizidi siku tatu au nne humo. Ndafu ana shida yake hapa. Husimamishwa mezani na majani mdomoni, inaanza sala, unafuata utambulisho wa ukoo, hotuba, picha, kulishana, na kisu kikija kumfikia jua limeshaelemea magharibi. Nyama iliyokaa nje namna hiyo iache, hata kama hainuki. Wapo bakteria wanaoacha sumu ambayo moto hauiondoi. Umeme ukikatika usifungue friji ovyo; ikiwa imefungwa hushika ubaridi kwa saa nne hivi.

Mahitaji, watu sita hadi wanane

Nyama isiyo na mfupa nusu kilo, na mifupa yake usiitupe. Makaroni pakti ya gramu 500. Vitunguu maji viwili, nyanya sita zilizoiva, karoti moja, hoho moja, punje nne za kitunguu saumu. Siagi gramu 60, unga wa ngano gramu 60, maziwa lita moja, jibini gramu 150. Pilipili manga, na kungumanga kama unayo.

Hatua ya 1: supu ya mifupa

Chemsha mifupa saa nzima kwa maji ya kuifunika tu. Chuja, acha ipoe, kisha ondoa mafuta meupe yaliyoganda juu. Mafuta ya mbuzi huganda hata mdomoni chakula kikipoa, na ndiyo yanayomfanya mtu asukume sahani.

Hatua ya 2: kulainisha nyama

Kwangua sehemu zilizoungua, maana uchungu wake utaenea sufuria nzima. Chambua nyama kwa vidole kufuata nyuzi zake, kisha ikatekate vipande vidogo. Kaanga vitunguu mpaka vianze kubadilika rangi, tia kitunguu saumu, karoti na hoho, halafu nyanya. Nyanya ziive kabisa, mafuta yaanze kujitenga pembeni. Sasa tia nyama na vikombe viwili vya supu, funika, moto mdogo, dakika 40. Imekuwa tayari pale ukiikandamiza kwa mwiko na nyuzi zinaachana zenyewe. Mchuzi ubaki wa kuonekana. Ukikauka ongeza supu. Chumvi iwe ya mwisho, baada ya kuonja, kwa sababu ndafu huwa alishapakwa chumvi kabla ya kupanda motoni.

Hatua ya 3: makaroni

Dakika zilizoandikwa kwenye pakti zichukue kama makadirio. Arusha mjini, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi joto 95, si 100, na makaroni huchelewa kuiva. Moshi mjini ni chini zaidi, tofauti si kubwa, lakini ukiwa Marangu juu utaiona. Mimi nauma moja: nikiona katikati kuna kidoa cheupe chembamba, naepua. Yatamalizikia kwenye sosi. Usiyasuuze.

Hatua ya 4: sosi nyeupe

Maziwa ya ng'ombe wa bibi yachemshe kwanza, kisha yaache yawe vuguvugu. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia unga, koroga dakika mbili mpaka harufu ya ubichi iishe bila kuugeuza rangi. Mimina maziwa kidogo kidogo huku unakoroga. Yakitokea madonge, pitisha kwenye chujio la chai, maisha yaendelee. Sosi iwe nyepesi kuliko unavyotamani, kwani makaroni yanakunywa sana. Tia chumvi, pilipili manga, kungumanga na nusu ya jibini.

Huna jibini? Saga mkate mkavu, changanya na siagi kijiko kimoja, nyunyiza juu. Kwa kweli watoto wangu wanaupenda zaidi ukoko huo.

Hatua ya 5: kupanga na kuoka

Paka siagi sufuria pana na nzito. Changanya makaroni na nusu ya sosi. Panga makaroni, nyama yote na mchuzi wake, makaroni tena, kisha sosi iliyobaki na jibini. Mwenye oveni: nyuzi 180, dakika 30 hadi 35.

Kwa jiko la mkaa tunapalia. Makaa machache chini, yafunikwe kwa jivu kidogo; mengi yaende juu ya mfuniko bapa wa bati. Ukizidisha ya chini, utakula ukoko mweusi. Jiko likae nje au kwenye upepo wa kutosha, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa ya mkaa inaua bila harufu. Baada ya nusu saa inua mfuniko polepole jivu lisidondoke, ufute mvuke ulioganda kwa ndani, urudishe na makaa mapya juu kwa dakika kumi. Hapo ndipo rangi inapokuja.

Pembeni pakiwa panatokota na juu pamekuwa kahawia, choma kisu katikati, uhesabu mpaka tano, ukiguse. Kikiwa vuguvugu bado, rudisha. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74.

Acha itulie dakika kumi, la sivyo ukikata itamwagika. Ipakue ya moto, na kachumbari yenye ndimu nyingi pembeni. Kikibaki kipande, mfungie jirani ale leo leo. Nyama hiyo imeshaona moto vya kutosha.