Kabla hujaniletea flashi, tazama marejeleo yako

Steshenari yangu iko Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Ikifika Juni, upepo ukishaanza kumwaga vumbi mpaka kwenye kibodi, wanafunzi wanaingia mbiombio: "Dada, niprintie, msimamizi ananisubiri." Mimi hushuka kwanza kurasa za mwisho, kwenye marejeleo. Kazi nyingi hurudishwa kwa sababu ya huko.

Shida kubwa ni majina. Sisi tunazoea kutanguliza jina la mtu, la ukoo likafuata. Mtindo wa APA, yaani kanuni za kuandika vyanzo za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unataka la ukoo litangulie: Julius Kambarage Nyerere anakuwa Nyerere, J. K., halafu mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa herufi za mlazo, kisha mchapishaji. Mji wa mchapishaji usiuweke; toleo la saba la mwongozo wa APA, la mwaka 2019, limeuondoa. Lakini idara yako ikiwa na mwongozo wake, shika huo. Taasisi nayo haifupishwi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaandikwa yote, inakaa kwenye O, na kwa kuwa ripoti zake huchapishwa na ofisi hiyo hiyo, jina halirudiwi mwishoni kama mchapishaji.

Mwaka jana binti mmoja alikuja na vyanzo 43, vyote vimeanza na jina la kwanza, tena kavipa namba. Nyerere alikuwa kwenye J. Tulikaa hadi saa tatu usiku tukigeuza jina moja moja, naye kesho yake asubuhi anawasilisha. Iliniuma, kwa sababu utafiti wenyewe ulikuwa mzuri.

Kwa hiyo futa namba, geuza majina, ndipo uiteue orodha yote na kubonyeza kitufe cha A-Z kwenye Word. Ukitanguliza kupanga, utapanga makosa. Orodha ikiwa bado imeteuliwa, bonyeza Ctrl na T kwa pamoja: mstari wa kwanza unabaki ukingoni, inayofuata inaingia ndani sentimita 1.27. Usisogeze kwa kugonga nafasi. Ukibadili neno moja tu, yote inavurugika. Nafasi kati ya mistari iwe mbili.

Mwisho, printi orodha peke yake. Soma kazi yako ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi, na kila unapokuta mwandishi ametajwa mtie tiki kwenye orodha. Asiyekuwamo, mwongeze. Atakayebaki bila tiki, mtoe.