SOMO: Namna ya kuchagua kitabu unapopona matatizo ya ulaji

Kila wiki inbox yangu inajaa swali lile lile: "Dada, nitajie kitabu." Naandika hapa mara moja, wote msome. Mimi si daktari. Niliugua bulimia, yaani kula kupita kiasi kisha kujitapisha, miaka sita, na huu ni mwaka wa nne sijajitapisha.

1. Kama unazimia, moyo unakwenda vibaya au umekaa siku bila kula, nenda hospitali leo. Aliyekaa na njaa muda mrefu hata kurudia kula anatakiwa asimamiwe.

2. Jua unataka kitabu cha kazi gani. Kuna cha mazoezi, unachosoma kalamu mkononi. Kuna simulizi ya aliyepona. Kuna cha mzazi. Mgonjwa akisoma cha mzazi atajiona anajadiliwa akiwa amekaa pale pale.

3. Angalia mwaka. Mfano, *Overcoming Binge Eating* cha Christopher Fairburn kilitoka 1995. Chukua toleo la pili, la 2013. Kinamfaa anayekula bila kujizuia, si aliyepungua sana uzito. Ndani yake mna zoezi la kujipima uzito mara moja kwa wiki, kwa hiyo kifanye na mshauri.

4. Mtu mwingine akisome kabla yako. Hapa ndipo nilipoumia. Nilinunua simulizi ya mgonjwa kwa muuza vitabu vya mitumba, Sh 3,000, jalada zuri. Mwandishi alitaja kilo zake karibu kila sura, na alichokula, na alichokiacha. Kufika ukurasa wa arobaini nilikuwa nimeshika penseli, nimepiga mstari chini ya kila namba, na pembeni nimeandika namba zangu. Nikajiambia najielimisha. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimerudi kule kule nilikotoka. Mwandishi alikuwa na nia njema, lakini ugonjwa wangu ulikifanya kitabu chake mashindano.

Kwa hiyo mpe dada, rafiki au mshauri atafute kilo, kalori, saizi za nguo na picha za kabla na baada. Usipekue mwenyewe! Ukipekua utakuwa umeshazisoma. Namba zikiwa chache azifunike kwa karatasi za kunata. Zikiwa nyingi kitabu kirudi kilikotoka. Na chochote chenye "punguza" au "siku 30" jaladani kiache dukani, hata kama kinajiita cha afya.

5. Soma kurasa chache, mchana. Kifua kikibana, funga.

6. Ulichosoma mweleze mtu siku hiyo hiyo.

MASWALI

Mtoto wa Kitaa: Ndefu sana hii, sijasoma. Taja kimoja tu.

Rudi hatua ya 2. Sijui unaumwa nini, sitaji.

Binti Pemba: Dada yangu, usiku kucha nasoma vitabu vya mapishi, na sipiki wala sili. Navyo vina madhara?

Ahsante kwa kuuliza, mdogo wangu. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Walikuwa wazima kabisa. Njaa ilipowaingia, baadhi yao wakaanza kusoma vitabu vya mapishi na kukusanya mapishi. Basi usijione wa ajabu, ni mwili unadai chakula. Viweke pembeni kwa sasa na umwambie daktari kama ulivyoniambia mimi. Kwangu hamu ile ilipungua nilipoanza kula milo yote ya siku.

Baba Wawili: Binti yangu ana miaka 15, anakataa chakula. Nimnunulie kipi?

Jinunulie wewe, baba. *Help Your Teenager Beat an Eating Disorder*, cha James Lock na Daniel Le Grange, kilitoka 2005. Kinawafundisha wazazi kusimamia milo ya mtoto wakishirikiana na matabibu. Lakini kwanza mpeleke apimwe moyo na damu. Usisubiri kitabu kifike.

Mzee wa Hoja: Haya ni maradhi ya Wazungu. Mtoto wa Kiswahili hakatai ubwabwa.

Mimi ni mtoto wa Kiswahili wa Temeke. Ubwabwa nilikuwa naula mbele yenu wote. Sina la kuongeza.

Mama Rehema: Na sisi ambao Kiingereza hakipandi?

Shikamoo mama. Mimi na mama yangu tulikaa mkekani baada ya Alasiri, nasoma aya moja ya kitabu, namweleza kwa Kiswahili, anauliza. Kurasa tatu kwa siku. Tulipofika kwenye maneno ya watu juu ya mwili wa mgonjwa, akanyamaza, kisha akaniuliza kama hata "umenawiri" huwa inaniumiza. Nikamwambia ndiyo. Tangu hapo mashangazi wakija anawawahi mlangoni.

Msomaji Tanga: Nyongeza ya hatua ya 4: karatasi za kunata zinabanduka kwa joto. Mimi dada yangu alitumia gundi na karatasi nyeupe.

Kweli, na za kunata mtu anaweza kuzifunua akizidiwa usiku. Tumieni gundi.