Kununua tiketi ya ndege ya bei chee bila kubaki na karatasi mkononi

Mimi nauza vitenge Makoroboi, Mwanza, na mzigo naufuata Kariakoo. Fastjet, shirika la ndege la bei chee, ilipoanza kuruka Novemba 2012, Dar–Mwanza na Dar–Kilimanjaro, nauli ya chini kabisa ilitangazwa sh. 32,000 kabla ya kodi. Sisi wa kukunja magoti kwenye basi tangu alfajiri tukapanda ndege. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikaipa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, madeni yamekaba, na safari zikakoma. Kwa hiyo ukikutana na bei chee, fanya hivi.

Kwanza jua unachonunua. Ukilipa leo usafiri baada ya miezi mitatu, umelikopesha shirika. Dukani kwangu simkopeshi mtu kabla sijajua anadaiwa na nani. Itakuwaje wenye ndege? Nauli za ndani wanakusanya kwa shilingi, ndege ya kukodi na vipuri wanalipa kwa dola. Mimi nawakopesha wiki mbili, tatu, basi, hata bei ikipanda kidogo.

Halafu hesabu ndege zao. Watu wengi hawajisumbui na hili. Uliza uwanjani zinazoruka ni ngapi. Mwenye ndege moja, ikigoma Mwanza asubuhi, abiria wa Kilimanjaro wa jioni naye hana safari. Kuchukua ndege ndogo si dalili mbaya, kwani kiti kitupu hakilipi mafuta. Fastjet yenyewe ilitoka kwenye Airbus A319 ikaenda Embraer 190. Ila ratiba ikikatwa kila mara huku tiketi za miezi ijayo zinauzwa bei ya kutupa, hapo nanusa ukata.

Tiketi ya kwenda nunua peke yake, ya kurudi peke yake, usiwakopeshe safari mbili kwa mpigo.

Begi pima nyumbani. Mimi naazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza sato wa Mwaloni. Vitenge vinadanganya macho: mwaka jana kilo 4 zilizozidi zilikula faida ya doti mbili.

Lipa kwa simu, usimpe mtu wa kati taslimu, na ujumbe wa muamala usiufute mpaka urudi. Safari ikifutwa, andika madai siku hiyo hiyo, nakala kwa Mamlaka.

Na nauli ya basi usiiguse. Yangu inakaa mfuko wa ndani wa begi, nimeifunga kwa mpira.