Namna ya kusoma baladi za zamani za Uingereza: binti wa shamba na mwanamke wa mjini

Baladi ni nyimbo za watu, mara nyingi za kusimulia kisa. Ingia kwenye akaivu ya baladi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ni bure kabisa, humo utakuta mkusanyiko wa Samuel Pepys, Mwingereza wa miaka hiyo ya 1600 aliyezikusanya, baladi zaidi ya 1,800, nyingi za miaka ya 1600, kila moja karatasi iliyochapwa upande mmoja tu na kuuzwa mtaani kwa peni hivi. Ukifungua moja cheki juu jina la tuni, yaani muziki wa kuiimbia, zilikuwa za kuimbwa hizi, kama kuna rekodi sikiliza kabla hujasoma.

Halafu fuatilia vitu wanavyokuja navyo wanawake kwenye nyimbo, hapo ndo kuna utamu: binti wa shamba anakuja na ndoo ya maziwa, uso haujapakwa kitu, wa London anakuja na hariri na rangi usoni. Usiamini haraka jamani, wachapaji wengi walikuwa London hukohuko, kwa hiyo binti wa shamba mara nyingi ni fimbo tu ya kuwachapia wanawake wa mjini, na mi hiyo huwa inaniuma kweli.

Picha nazo usizitegemee sana, ubao mmoja uliochongwa picha ulitumika kuchapia nyimbo nyingi tofauti. Na ile s ndefu (ſ), namna ya zamani ya kuandika s, inafanana na f, soma taratibu.